Sauti Ikichoka, Utabaki?

Natumaini kazi zinakwenda, mshahara umeingia, na yule wa ubavuni kwako bado anakuita kwa lile jina ambalo hakuna mwingine anayelijua. Kama mmenuniana, usiifunge kurasa hii. Huenda mwezi huu nimewaandikia ninyi hasa.

Leo nataka tumzungumzie dada mmoja wa Kiswidi, mwembamba, nywele fupi zilizopakwa rangi hadi zikawa nyeupe kama pamba, na sauti ambayo ukiisikia unajiuliza inatoka wapi katika mwili mdogo vile. Anaitwa Marie Fredriksson, yule wa kundi la Roxette. Jina likikupita, nyimbo hazijakupita. Kama umewahi kuvizia saa ya bluzi kwenye sherehe, taa zinapunguzwa, kila mtu anamtafuta wake kwa macho, basi umeshacheza sauti ya Marie. Kama umewahi kukesha karibu na redio ukisubiri kipindi cha mapenzi, kidole kiko juu ya kitufe cha kurekodi na unamwomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya wimbo, unajua ninachosema. Kibao chenyewe ni Listen to Your Heart. Kingine ni It Must Have Been Love. Vijana wa leo wanavipata kwenye simu kwa sekunde moja, na bado vinawaliza vilevile.

Marie alifariki tarehe 9 Desemba 2019 akiwa na miaka 61. Sijamleta hapa kwa sababu ya msiba. Nimemleta kwa sababu maisha yake yana swali moja ambalo kila wapendanao watakuja kulijibu siku moja, wapende wasipende. Nitalifikia. Kwanza tuiongelee sauti.

ILITOKA WAPI?

Marie alizaliwa tarehe 30 Mei 1958 kusini mwa Sweden, mtoto wa mwisho kati ya watoto watano. Baba alikuwa mgawa barua, mama mfanyakazi wa kiwandani. Haikuwa nyumba ya fedha. Alipokuwa na miaka saba, dada yake mkubwa alifariki katika ajali ya gari. Wazazi walikuwa na msiba wao, na katoto kale ka mwisho kakajifunza mapema kubeba mambo mazito bila kelele.

Baadaye alisomea muziki, akahamia mji wa Halmstad, akaimba na vikundi vidogo, halafu akaanza kutoa albamu zake kwa Kiswidi, ya kwanza mwaka 1984. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi tunadhani aliibukia Roxette. Nyumbani kwao alikuwa tayari ni staa, tena baadaye aliziandika mwenyewe nyimbo zake nyingi za Kiswidi. Mwaka 1986 akaungana na rafiki yake wa Halmstad, Per Gessle, mtunzi hodari, wakaanzisha Roxette. Inasemekana wapo waliomshauri asijaribu, kwamba anahatarisha jina lake kwa kitu kisichojulikana. Akajaribu.

Siku moja zitafute nyimbo hizo usikilize vizuri, si kama muziki wa kupikia wali. Utagundua Marie haanzi kwa nguvu. Anaanza chini, karibu kunong'ona, kama mtu anayekusimulia siri akiwa amekaa kitandani. Beti la pili anapanda kidogo. Kikija kiitikio ndipo anaachia. Na hata pale anapopaza, hapigi kelele. Kila neno unalisikia, na ndani ya ile nguvu kuna kitu kama ufa mdogo, kama mtu anayejizuia asilie. Waimbaji wenye nguvu wapo wengi. Wenye nguvu inayokuonyesha mahali inapouma ni wachache, na mashabiki wa Marie, kuanzia Sweden hadi Brazili, Ujerumani hadi Afrika Kusini, walimpendea hapo.

BAHATI YA KANDA NA WIMBO WA KRISMASI

Roxette wenyewe nusura tusiwajue. Albamu yao ya Look Sharp! ilitoka mwaka 1988 na ilifanya vizuri Sweden, lakini kampuni ya muziki kule Marekani iliikataa. Ikaonekana haifai kwa soko lao. Basi, kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akisoma Sweden akarudi kwao Minneapolis na nakala ya albamu ile, akaipeleka kwenye kituo cha redio, akawaomba waipige. Walipoipiga, simu za wasikilizaji zikafumuka. Wimbo wa The Look ukashika namba moja Marekani mwezi Aprili 1989. Shabiki mmoja tu asiye na cheo chochote alifanya kazi ambayo wataalamu wa ofisini walishindwa.

Cha kuchekesha, kwenye The Look anayeongoza kuimba ni Per. Sauti ya Marie iliwashika Wamarekani sawasawa na Listen to Your Heart, iliyoshika namba moja Novemba mwaka uleule. Per ameeleza kwamba aliiandika akimfikiria rafiki yake aliyekuwa njia panda, uhusiano wa zamani huku na penzi jipya kule. Mpenzi msomaji, nadhani na wewe una rafiki wa namna hiyo. Au una kioo.

Kisha ikaja It Must Have Been Love. Wimbo huu ulitoka kwanza Sweden mwaka 1987 kama wimbo wa Krismasi, Krismasi ya waliovunjika moyo. Watengenezaji wa filamu ya Pretty Woman walipoomba wimbo, Per aliutoa huu wa zamani, pale palipotajwa Krismasi pakawekwa siku ya kawaida ya baridi, na mwaka 1990 ukawa namba moja Marekani. Unakumbuka unapoingia kwenye ile filamu? Julia Roberts anaondoka ndani ya gari refu, Richard Gere amebaki, na hakuna anayesema lolote. Marie ndiye anayewasemea. Tangu hapo, watu wengi duniani wakiachana huwa wanaazima sauti yake.

Mwaka 1991 Joyride nayo ikashika namba moja. Nne hizo Marekani peke yake, na inakadiriwa kundi limeuza zaidi ya rekodi milioni 75 duniani.

KWANI HAWAKUWA WAPENZI?

Hili lazima nilijibu maana nalijua gazeti hili na nawajua wasomaji wake. Hapana, Marie na Per hawakuwa wapenzi. Waliimba mapenzi pamoja miaka 30, wakalala hoteli moja, wakapanda ndege moja, wakasimama jukwaa moja, na kila mmoja alikuwa na mwenza wake. Per alifunga ndoa mwaka 1993. Marie alikutana na mwanamuziki mwenzake, Mikael Bolyos, wakati wa ziara ya Australia mwaka 1991, wakaoana 1994 na kupata watoto wawili.

Najua kuna mtu hapo anaguna. "Mwanamume na mwanamke, urafiki tu? Weee!" Lakini inawezekana, tena inawezekana vizuri pale kila mtu anapojua yupo pale kwa kazi gani. Per alikuwa na nyimbo, Marie alikuwa na sauti, na kila mmoja alijua hawezi kufika peke yake. Marie alipofariki, Per alimuaga kwa maneno ambayo mume yeyote mwenye busara angeyasoma bila wivu. Alisema kwa maana ya kwamba nyimbo zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na Marie ndiye aliyezipaka rangi. Kama una mfanyakazi mwenzako wa jinsia nyingine mnayefanya kazi vizuri, hiyo ndiyo heshima ya kulenga. Na kama mwenzi wako ana mtu wa namna hiyo kazini, kabla ya kukagua simu yake, kaulize kwanza wanajenga nini pamoja.

SEPTEMBA 11, 2002

Sasa tufike kwenye swali letu.

Tarehe hiyo, Marie alitoka kukimbia mazoezi ya asubuhi, akarudi nyumbani, akaanguka bafuni na kujigonga kichwa vibaya. Hospitali wakagundua ana uvimbe kwenye ubongo. Akafanyiwa upasuaji, kisha yakafuata matibabu ya mionzi. Uhai ukabaki. Lakini aliyetoka kwenye matibabu hakuwa Marie yuleyule. Jicho la kulia halikuona tena. Kusoma na kuhesabu kukapotea. Maneno yakawa yanamkwepa, na upande wa kulia wa mwili ukamsumbua hadi mwisho.

Fikiria, mpenzi msomaji. Mwanamke aliyejulikana dunia nzima kwa kupaza sauti, sasa anatafuta neno la kawaida mezani na halipati.

Sasa mtazame Mikael. Alikuwa ameoa staa, mrembo, mcheshi. Ghafla yuko na mgonjwa, watoto wawili wadogo, na waandishi wa habari wanaotaka kujua atakufa lini. Alifanya nini? Kitu kimoja alichofanya nakipenda sana, ni kwamba alirudi naye kwenye muziki. Nyumbani, kwenye studio yao, polepole, wakarekodi albamu iliyoitwa The Change, ikatoka mwaka 2004 na kushika namba moja Sweden. Marie pia akaanza kuchora kwa mkaa, akafanya hadi maonyesho ya michoro yake. Mikael hakumfanya mkewe kuwa mtoto wa kulishwa tu. Alitafuta kile ambacho bado kinawezekana, akakishika hicho.

Hili linanikumbusha dada mmoja ninayemfahamu hapa mjini, ambaye mume wake alipata kiharusi akiwa na miaka 38. Kaka alikuwa mpiga soga wa kwanza kwenye kila sherehe, yule mshereheshaji ambaye bila yeye shughuli haichangamki. Baada ya ugonjwa, sentensi moja inamchukua dakika nzima. Dada aliniambia, "Watu wananipa pole kwa kumuuguza. Kumuuguza si tatizo. Tatizo ni kwamba namkumbuka mtu ambaye yuko hapa hapa." Nikakosa la kusema. Halafu akaongeza kwamba walichobaki nacho ni bao. Kila jioni wanacheza bao, na mume bado anamfunga. "Pale kwenye bao," akasema, "namwona yeye kabisa."

MASHABIKI WALIPOIMBA WAO

Mwaka 2009 Per alikuwa na onyesho lake Amsterdam, Uholanzi. Marie akapanda jukwaani. Ukumbi ulilipuka. Mwaka 2011 ikatoka albamu mpya, Charm School, na Roxette wakazunguka tena dunia, pamoja na Afrika Kusini.

Hapo ndipo mashabiki waligawanyika, na nisingependa kulificha hili. Wapo waliosema hii si sawa. Sauti si ile ya mwaka 1990, hatua zake hazina uhakika, na miaka ya mwisho aliimba akiwa amekaa kwenye kiti. Wakasema afadhali angebaki nyumbani, nasi tubaki na kumbukumbu zetu safi. Naielewa hoja yao. Ukimpenda mtu kwa kuruka, kumwona akichechemea kunauma. Na si uongo kwamba sauti ilikuwa imepungua. Mwenye masikio alisikia.

Lakini waliojaza kumbi walikuwa wengi kuliko waliolalamika, na walichofanya ndicho kilichonifanya niandike kurasa hii. It Must Have Been Love ilipoanza, umati ulikuwa unaupokea wimbo. Maelfu ya watu wanaimba, na Marie amekaa anawasikiliza akitabasamu, kisha anaingia pale anapoweza. Sauti aliyowapa miaka ishirini iliyopita, wakawa wanamrudishia.

Sasa je, ilikuwa huruma? Nimejiuliza sana hili. Jibu langu ni hapana, na sababu yake ni rahisi. Huruma inakuja mara moja, inatoa pole, inaondoka. Watu hawa walinunua tiketi, wakarudi tena, wakaleta na watoto wao. Tena aliyechagua kupanda jukwaani ni Marie mwenyewe. Kumwambia mtu abaki nyumbani ili kumbukumbu zetu zibaki nzuri ni kujipenda sisi, si kumpenda yeye.

Kuna upande wa pili pia, usisahaulike. Onyesho la mwisho la Marie na Roxette lilikuwa hapa hapa Afrika, mjini Cape Town, Februari 2016. Miezi miwili baadaye madaktari wakamshauri asisafiri tena kwa maonyesho, na ziara ya kiangazi ikafutwa. Hakuna aliyemlazimisha. Mashabiki walihuzunika, wakaelewa. Kubaki na mtu kuna maana pia ya kukubali anaposema, "Hapa ndipo nguvu zangu zinapoishia."

Per alipolirudisha jina la Roxette jukwaani mwaka 2025, akiwa na mwimbaji Lena Philipsson, ziara ilianzia Afrika Kusini. Na yeye mwenyewe alikuwa wazi kwamba hakuna anayechukua nafasi ya Marie. Nyimbo zinaendelea, kiti ni chake.

TURUDI KWENU WAWILI

Wengi wenu mnaosoma hapa mna miaka 25 hadi 40. Mna afya, mna kazi, mnapendeza kwenye picha. Ukiulizwa ulimpendea nini mwenzako, unajua la kujibu haraka. Ucheshi wake. Umbo lake. Anavyojua kutafuta pesa. Anavyonipikia. Anavyoongea na watu. Ni majibu mazuri tu, sina ugomvi nayo. Kila mmoja wetu aliingia kwa mlango fulani, na mashabiki wa Marie waliingia kwa mlango wa ile sauti.

Lakini mlango si nyumba. Pesa hukatika, umbo hubadilika baada ya uzazi wa pili, mcheshi hufiwa na mama yake akanyamaza mwaka mzima. Si lazima yawe maradhi makubwa. Siku hiyo ikifika, utagundua kama ulikuwa unampenda mtu au ulikuwa shabiki wa onyesho.

Sisemi ubaki mahali unapopigwa au kudharauliwa. Hayo ni mambo mengine kabisa na tumeshayaandika sana humu. Wala sisemi anayebaki hachoki. Anachoka, tena sana, na anahitaji mtu wa kumpokea japo Jumamosi moja akalale. Kama una rafiki anayeuguza mwenzi wake, acha kumpigia kumpa pole tu. Nenda kakae na mgonjwa saa tatu, yeye aende saluni au akanywe soda yake kwa amani.

Kwa wapendanao, nawapa kazi ndogo mwezi huu. Jioni moja zimeni televisheni, wekeni simu mbali, tafuteni mojawapo ya nyimbo zile muisikilize hadi mwisho, pamoja. Kisha mjibizane maswali matatu, bila kukatizana.

La kwanza: kitu gani kwangu, kikiondoka, unaogopa utanikosa? La pili: ni kitu gani tunakifanya pamoja ambacho hata tukiishiwa nguvu bado tutakiweza, lile bao letu ni lipi? La tatu: siku nikikwambia nimechoka, utaniamini?

Swali la pili msilipite haraka. Mikael alikuwa na studio ya nyumbani, yule dada ana bao. Kama ninyi wawili hamna kitu cha namna hiyo, kama mnachofanya pamoja ni kulipa bili na kwenda harusini tu, basi huu ndio wakati wa kukitafuta, mkiwa bado wazima. Bustani, dama, kupika Jumapili, kusoma kitabu kimoja kwa zamu, chochote. Kiwe kidogo, kiwe chenu.

Na majibu mkiyapata, niandikieni. Nitayachapa bila majina, kama kawaida yetu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Pendaneni.

Mhariri